Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: turudishieni swali la "Umepataje?"

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,
Afisa Elimu Sekondari,
Wadhibiti Ubora wa Shule.

YAH: PROGRAMU YA MAZOEZI YA HISABATI KWENYE VISHIKWAMBI VYA WANAFUNZI

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika mojawapo ya sekondari zako za kata. Nimeshika chaki miaka 14. Jina langu na shule yangu unavyo, vimo katika barua tatu nilizokuandikia tangu Februari kupitia kwa mkuu wa shule. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili niliiambatanishia nakala za kazi za wanafunzi, kurasa 22, nayo haikujibiwa. Ya tatu niliipeleka masjala kwa mkono wangu, nikasubiri ikagongwa muhuri, na nakala yenye muhuri ninayo. Mwezi uliopita, kwenye kikao cha walimu wa Sayansi na Hisabati, nilisimama nikalisema jambo hili. Mmoja wa maofisa wako akanijibu mbele ya wenzangu: "Mwalimu, wewe fundisha, mambo ya mfumo waachie wataalamu." Nikakaa.

Ninaandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Na ninaandika kwa heshima, kwa kuwa naamini uliyaleta haya kwa nia njema. Sote tunajua hali ilivyo: kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, Hisabati ndiyo inayoshika mkia kitaifa, na wanaofaulu hawafiki hata theluthi ya watahiniwa. Hakuna mwalimu wa somo hili anayelala vizuri na hali hiyo. Ulipotuambia msaada unakuja, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Kwa faida ya wazazi na wengine watakaosoma, nieleze kilichokuja. Shule ilipokea vishikwambi 40 vyenye programu ya mazoezi. Vipindi viwili vya Jumatano nilivyokuwa nafundisha kidato cha pili vikageuzwa kuwa vya programu hiyo, wanafunzi 64 wakiingia kwa awamu mbili. Mwanafunzi anapewa maswali 10. Kila swali lina sekunde 20, na juu ya kioo kuna saa nyekundu inayohesabu kurudi nyuma. Zikibaki sekunde 5 inaanza kulia. Anagusa jibu moja kati ya yaliyowekwa. Akipata inatoka nyota, akikosa unatoka msalaba na mlio. Akikosa mara mbili kinatokea kitufe cha msaada, akikigusa kinampa jibu. Mwisho programu inapanga majina yote, wa kwanza hadi wa mwisho, na kwa maelekezo ya ofisi yako orodha hiyo inabandikwa kwenye ubao wa matangazo na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Programu inaona jibu, haioni mtoto amefikiri nini

Wiki ya tatu kijana mmoja alikuja mezani kwangu kakishika kishikwambi kwa mikono miwili, meno yote nje. "Madam, tisa kati ya kumi!" Zoezi lilikuwa la kulinganisha desimali, useme ipi ni kubwa. Nikafurahi naye. Kisha nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu: "Umepataje?"

"Rahisi, Madam. Naangalia yenye tarakimu nyingi. Hiyo ndiyo kubwa."

Nikayapitia maswali yake. 0.75 na 0.4. 2.36 na 2.1. 0.908 na 0.62. Tisa kati ya yale kumi yalikuwa hivyo hivyo, yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa kweli. Lile moja alilokosa, 0.3 na 0.18, alidhani kidole kiliteleza. Nikamwandikia ubaoni 0.125 na 0.5. Hakusita, akachagua 0.125, akaisoma kwa sauti: "Sifuri nukta mia moja ishirini na tano. Mia moja ishirini na tano itakuwaje ndogo kuliko tano?"

Mama yake ni fundi cherehani. Kesho yake nilikwenda darasani na futikamba. Nikamwambia anionyeshe nusu mita, akaweka kidole cha kushoto kwenye 50. Hiyo ndiyo 0.5 yako, nikamwambia. Sasa igawe mita mafungu kumi, chukua fungu moja. Fungu linalofuata ligawe tena kumi, chukua mawili. Linalofuata hapo ligawe kumi, chukua matano. Kidole cha kulia kikasimama kwenye sentimita 12 na nusu. Akakitazama kidole cha kulia, akakitazama cha kushoto, akanyamaza kitambo. Halafu akaniuliza: "Kwa hiyo Madam, zile tisa nilipata kwa bahati?"

Ndugu Mkurugenzi, kazi hiyo ilichukua robo saa na futikamba moja. Kwenye kumbukumbu za programu kijana huyu mada ya desimali alikwishaimaliza, na ilikwishamfungulia mada inayofuata. Bila lile swali angefika kidato cha nne na kanuni yake mfukoni.

Jambo hili linajulikana kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1973 nchini Marekani, mtafiti Stanley Erlwanger aliandika habari za mtoto wa miaka 12 aliyemwita Benny. Shuleni kwao kila mtoto alijisomea kwa kasi yake, kazi zikisahihishwa kwa kulinganisha na majibu yaliyoandikwa tayari, na ukipata asilimia 80 unasonga mbele. Benny alikuwa anasonga vizuri, na mwalimu wake alimhesabu kati ya wazuri. Erlwanger alipoketi naye na kumuuliza anapataje, akakuta 2/10 Benny anaiandika 1.2, na 5/10 anaiandika 1.5. Alikuwa ametunga kanuni nyingi za namna hiyo, kila moja ya aina yake ya swali, na aliamini kwamba kazi ya mwanafunzi wa Hisabati ni kuotea jibu lililoandikwa na mwenye majibu. Mfumo mzima ulikuwa unamwambia yuko sawa.

Na mtihani wetu wa taifa wenyewe unamtaka mtahiniwa aonyeshe njia zote waziwazi. Tunawafundisha Jumatano nzima kugusa jibu, kisha Novemba tunawadai njia.

2. Saa nyekundu

Ninaye binti mmoja anayekaa dawati la pili karibu na dirisha. Daftari lake ukilifungua utatamani kulipiga picha: kila alama ya sawasawa iko chini ya mwenzake, kila hatua ina mstari wake. Milinganyo anaijua. Kwenye programu, mazoezi manne mfululizo, alipata 3, 2, 3 na 1.

Siku moja nilisimama nyuma yake nimwangalie. Swali lilikuwa 3x − 7 = 11. Midomo yake ilianza vizuri, "kumi na moja ongeza saba," kisha saa ikaanza kulia kwa mwanafunzi wa jirani, ambaye alikuwa mbele yake kwa swali moja. Akainua macho, akaitazama saa yake yeye, akairudia "kumi na moja ongeza saba," akaitazama tena saa, akarudia mara ya tatu. Hakuwahi kufika kwenye kugawa kwa tatu. Aligusa jibu lolote ili mlio unyamaze. Mapumziko nikampa swali lilelile kwenye kipande cha karatasi, bila kumwambia ni lilelile. Akaandika x = 6 kabla sijamaliza kufunika kalamu yangu.

Wanasaikolojia wameupima ugonjwa huu. Mwaka 2001 Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk, wa Marekani, waliwapa watu hesabu za kujumlisha kichwani huku wakishikilia herufi kadhaa kichwani. Wenye hofu ya Hisabati, hesabu zilipofika za kubeba na herufi za kushika zikawa nyingi, makosa yao yaliruka juu kuliko ya wenzao. Hofu yenyewe inakula ile kumbukumbu ndogo tunayoitumia kushika namba tunapokokotoa. Walimu wenzangu nawaeleza kwa mfano wa madawati yetu: dawati limetengenezwa kwa wawili, wakikaa wanne hakuna anayeandika. Saa nyekundu inamkalisha mtu wa tatu na wa nne kwenye dawati la binti huyu, halafu tunaandika ripoti kwamba hajui milinganyo.

Kasi ina mahali pake. Mwanafunzi anayeijua 7 mara 8 bila kufikiri ana nafasi kubwa zaidi kichwani ya kushughulikia aljebra, na mimi mwenyewe nawaimbisha majedwali ya kuzidisha. Lakini kasi inakuja baada ya kuelewa na kurudia kwa utulivu, siku hadi siku. Kuidai kwenye mada ambayo mtoto ameianza Jumatatu ni kumfundisha kuogopa.

3. Orodha za majina

Juu ya hili sina maneno mengi, maana hasira inanijia.

Mzazi mmoja, mtu mzima kuliko mimi, alikuja shuleni Alhamisi asubuhi na simu mkononi. Akanisalimia vizuri, akanionyesha orodha: mwanawe ni wa 64 kati ya 64. Akaniambia, "Mwalimu, hii imesomwa na kijiji kizima, hata muuza chipsi kaniuliza." Mtoto mwenyewe hakuja shule siku hiyo, wala Jumatano iliyofuata. Rejista ya mahudhurio ninaijaza mimi, na ninaona ni akina nani wanaopatwa na malaria kila Jumatano. Ni walewale wa chini ya orodha, ndio wanaohitaji zaidi kuwepo.

Mtoto aliyekwishaambiwa mbele ya watu kwamba yeye wa mwisho hajifichi kwa uvivu. Anajificha kama ambavyo mimi na wewe tungejificha.

4. Lugha na mifano

Wanafunzi hawa walisoma Hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya msingi. Wanajua zao, wanajua kiasi na asili, wanajua namba witiri. Walipoingia kidato cha kwanza yote hayo yakabadilishwa majina, na tunahangaika nao kuyahamisha taratibu. Programu haina taratibu hiyo. Ni ya Kiingereza kitupu, imetengenezwa kwa watoto wa nchi nyingine, na maswali ya maneno yamejaa theluji, treni za chini ya ardhi na noti za dola. Kusoma swali moja la mistari minne kwa lugha ya kigeni kunamaliza zile sekunde 20 kabla hesabu haijaanza. Msichana mmoja aliniuliza kama theluji "inapimwa kwa lita au kwa kilo". Lilikuwa swali la kutoa namba hasi, la halijoto, na kutoa namba hasi alikuwa anajua.

Wenye programu walipokuja kutufanyia semina ya siku moja, niliuliza kama maswali yanaweza kutafsiriwa. Nikajibiwa inawezekana, halmashauri ikiomba. Naomba uombe.

5. Kitufe kinachotoa jibu

Wanafunzi hawachelewi kugundua. Wiki ya pili tu kijana mmoja aliwafundisha wenzake: kosea mara mbili kwa makusudi, gusa msaada, chukua jibu, endelea. Nyumbani nako wenye simu wanapiga picha swali, akili mnemba inawaandikia njia yote, wananakili. Siwalaumu watoto. Mtu mzima yeyote akiwekewa njia ya mkato mlangoni ataipita.

Ila tujue gharama yake. Kuna jaribio lililofanywa katika shule ya sekondari nchini Uturuki, karibu wanafunzi 1,000, katika somo hilihili la Hisabati. Utafiti huo wa Hamsa Bastani na wenzake ulichapishwa mwaka 2025. Kundi moja lilipewa akili mnemba ya kawaida wakati wa mazoezi, na alama zao za mazoezi zikapanda kwa asilimia 48. Kwenye mtihani, walipoondolewa chombo, walipata asilimia 17 chini ya wenzao ambao hawakuwahi kukigusa. Kundi jingine lilipewa chombo kilichoelekezwa kutoa dokezo tu na kutolitoa jibu, kikitumia maelekezo ya walimu. Hao mazoezi yao yalipanda zaidi, na ile hasara ya mtihani kwa kiasi kikubwa haikuwapata. Tofauti ilikuwa katika namna ya kusaidia. Kitufe chetu ni cha aina ya kwanza.

6. Muda

Hili napita haraka. Umeme ukikatika kipindi kimekufa, na mtandao ukiwa mzito awamu ya pili haiingii kabisa. Nimepoteza vipindi vingi vya namna hiyo, na mada za kidato cha pili hazijapunguzwa hata moja.

Sasa najua nitakayojibiwa, maana mengine nimekwishayasikia kikaoni.

Nitaambiwa matokeo yanapanda. Ripoti iliyosomwa kikaoni inaonyesha nyota zinaongezeka kila wiki, na ni kweli zinaongezeka. Mimi niliwapa wanafunzi haohao jaribio la karatasi, mada zilezile, bila saa, kwa sharti la kuonyesha njia. Kurasa 22 nilizokuletea ndizo hizo. Naomba mtu yeyote ofisini kwako azifungue na kuangalia wangapi wenye nyota wanaojumlisha 1/2 na 1/3 wakapata 2/5.

Nitaambiwa walimu ni wachache na madarasa yamefurika. Hapo nakubaliana nawe moja kwa moja, na ndiyo maana sikuombi uvitupe vishikwambi. Huko Vadodara, India, watoto wa darasa la nne waliwekwa wawili kwa kompyuta moja, saa 2 kwa wiki, wakacheza michezo ya Hisabati iliyofuata kiwango cha kila mtoto, na matokeo yao ya Hisabati yakapanda sana. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2007, na kati ya waandishi wake wamo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliokuja kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019. Wenyewe walisema wazi kwamba mwaka mmoja baada ya mpango kuisha, sehemu kubwa ya faida ilikuwa imefifia. Kwa hiyo chombo kinaweza kusaidia, kikianzia pale mtoto alipo. Hiki chetu kinawapa wote 64 maswali ya kiwango kimoja kwa saa ileile nyekundu, aliyekwama kwenye kutoa kwa kukopa na aliyekwishafika kwenye logarithimu.

Nitaambiwa fedha zimekwishatumika. Peru nao walitumia. Waligawa kompyuta ndogo kwa maelfu ya shule, na watafiti walipofuatilia shule 319 za msingi za vijijini, baada ya takriban miezi 15 hawakuona mabadiliko katika Hisabati wala lugha. Vifaa vilifika, ufundishaji ukabaki ulivyokuwa. Sisi tuko mwaka wa kwanza, na mengi ya ninayoomba hapa chini hayahitaji hata shilingi.

Na nitaambiwa huyu mwalimu anaogopa teknolojia. Hili liliniumiza kuliko yote. Kishikwambi nilichopewa mimi, kimoja cha vile vilivyotoka kwenye Sensa ya 2022, kimechakaa pembe kwa kutumika. GeoGebra, programu ya bure ya kuchora grafu na maumbo aliyoianzisha Markus Hohenwarter kule Salzburg, Austria, mwaka 2001, nimejifundisha mwenyewe usiku. Mwaka jana niliazima projekta, nikachora ukutani y = ax², nikamwita mwanafunzi mmoja aisogeze ile a. Ikatoka 1 kwenda 2, umbo likabana. Ikarudi nusu, likatanuka. Darasa likaanza kupiga kelele, "Madam, weka hasi, weka hasi tuone!" Akaisogeza ikapita sifuri, umbo likalala kuwa mstari, kisha likageuka chini kama bakuli lililofunikwa. Kijana wa nyuma kabisa, ambaye huwa hasemi, akasimama: "Kwa hiyo ile alama ya kutoa ndiyo inayogeuza?" Sikuwa nimewaambia. Aliona, akasema mwenyewe, na hakuna saa iliyokuwa inalia.

Hata mashine ya kutafuta chanzo cha makosa si ndoto. Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton wa Marekani walieleza programu waliyoiita BUGGY, iliyomzoeza mwalimu kutazama majibu yaliyokosewa na kugundua ni kanuni gani mbovu iliyoyazaa. Kama hilo liliwezekana kwa kompyuta za wakati ule, sisi hatuna sababu ya kulipia kitu ambacho kazi yake ni kutoa nyota na misalaba.

Ninachoomba, Ndugu Mkurugenzi:

(a) Saa izimwe. Nimeangalia kwenye mipangilio ya programu: sehemu ya kuizima ipo, ila imefungwa kwa neno la siri lililoko ofisini kwako. Hilo linaweza kufanyika leo mchana.

(b) Orodha za majina zisibandikwe wala kutumwa popote kuanzia wiki hii. Mzazi anayetaka kujua maendeleo ya mwanawe aitwe, akae na mwalimu, aonyeshwe daftari.

(c) Kitufe cha msaada kitoe hatua ya kwanza tu. Na kila mwanafunzi awe na daftari la njia pembeni ya kishikwambi, nami nipewe kipindi kimoja kati ya vile viwili vya Jumatano nilipitie nao nikiwauliza wamepataje.

(d) Wenye programu waandikiwe rasmi kuhusu tafsiri ya Kiswahili kwa kidato cha kwanza na cha pili. Walimu wa Hisabati wa halmashauri hii tuko tayari kuyaandika upya maswali ya maneno tukitumia mifano ya hapa kwetu. Wenzangu watano wamekubali kuifanya kazi hiyo wakati wa likizo bila posho.

(e) Alama za programu zisitumike kumpima mwalimu yeyote hadi zilinganishwe na jaribio la karatasi la mada zilezile, likisahihishwa na walimu wa shule nyingine.

(f) Tuitwe. Kikao kimoja cha walimu wa Hisabati na ofisi yako, kabla ya likizo ya Juni, ajenda ikiwa hii peke yake.

Iwapo kuna ombi lisilowezekana, naomba nijibiwe kwa maandishi ni lipi na kwa nini. Nitalipokea.

Jumatano ijayo kidato cha pili wanaingia saa 4:20 asubuhi. Kama ratiba inaruhusu, njoo ukae dawati la pili karibu na dirisha, pembeni ya binti niliyemtaja, umtazame midomo saa itakapoanza kuhesabu. Ukitoka hapo njoo ofisi ya walimu. Zile kurasa 22 nimeziweka juu ya meza yangu, na futikamba ipo.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Hisabati,
Sekondari ya kata

Nakala: Mkuu wa shule, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, wazazi wa kidato cha pili